Ukiona Vyaelea: Kiswahili cha Mavazi, Programu na Matembezi Mtandaoni

Imekwisha kuwa desturi katika idara yetu, kama ilivyo katika idara nyingine za lugha, walimu na wanafunzi kuonyeshana vitu walivyoviokota mtandaoni. Huyu ana picha ya mto wa kochi ulioshonwa kwa kanga huko Ulaya. Yule ana programu ya simu inayozungumza Kiswahili. Mwingine ameona tangazo la likizo ya Unguja, bahari ya buluu na salamu mbili tatu za Kiswahili zimeandikwa juu yake. Vitu hivyo hupita kutoka simu hadi simu, vikasifiwa, na mara nyingi vikaishia darasani kama vielelezo vya somo. Sisi hatuna ugomvi na desturi hiyo. Mwalimu wa Kiswahili hapa Bujumbura hana vitabu vingi, na mwenye vitabu vichache hachagui sana mahali pa kupatia mifano. Tatizo tunaloliona ni kwamba vitu hivi husifiwa kwa macho. Maneno yaliyomo ndani yake hupita bila kuhakikiwa, ilhali maneno ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika makala hii tunakusudia kuvitazama vitu vya aina tatu, yaani nguo, programu za kompyuta na simu, na matangazo ya matembezi, tukiuliza: Kiswahili chake kimeundwaje, na kimeundwa kwa ajili ya nani? Swali la pili ndilo linalotushughulisha zaidi. Mwanafunzi aliyezaliwa Buyenzi au Bwiza huja chuoni akiwa na Kiswahili alichokipata nyumbani, mtaani na sokoni. Anapofungua simu haoni hata chembe ya Kiswahili hicho. Anaona cha Dar es Salaam, cha Nairobi, na cha watalii. Kisha sisi walimu tunachukua kilekile cha kwenye simu na kumwambia, haya, hiki ndicho. Si ajabu kwamba wapo wanafunzi wazuri wanaotuambia kwa uso mkavu kwamba wao “hawajui Kiswahili”, na wanatuambia hivyo kwa Kiswahili.

Tuanze na kanga, kwa kuwa ndiyo kongwe, na kwa maoni yetu ndiyo iliyoundwa vizuri kuliko vyote tutakavyovitaja. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za vitambaa zilizoletwa na wafanyabiashara, wakaziunga sita sita kuwa nguo moja pana. Ndiyo maana hadi leo watu wa Mombasa huiita leso. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Chapa ya Mali ya Abdulla, iliyotokana na biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza Mombasa mwaka 1887, ni ya zamani mno na bado inajulikana. Maandishi yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa herufi za Kirumi tunazozitumia sasa.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyo ndani ya kisanduku upande wa chini wa mji. Tunaomba msomaji aangalie istilahi hizi. Sehemu ya katikati inaitwa mji, kana kwamba pindo ni ukuta wake. Na maneno hayaitwi maandishi wala ujumbe, yanaitwa jina. Mnunuzi haombi kanga nyekundu yenye maua. Anaomba kanga kwa jina lake. Katika nguo hii lugha haikubandikwa juu ya mchoro baada ya mchoro kukamilika, bali ni kiungo cha mwili wake. Ukiiondoa unabaki na kitambaa.

Hilo ndilo linalofanywa na mito ya kochi tunayoonyeshwa. Mshonaji wa mbali ameikata kanga kwa kufuata ua, na jina limekatika popote mkasi ulipopita. Katika picha moja tuliyopitishiwa mwaka huu kulikuwa na kanga yenye jina linalofahamika sana, “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu”, na juu ya mto yalibaki maneno mawili tu: “abiria dereva”. Wanafunzi walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini jina hilo, likiwa zima, ni somo la sarufi la saa nzima. Kishazi cha kwanza hakina kitenzi wala kiungo “ni”. Cha pili kinacho. Kwa nini haikuandikwa “Sisi sote ni abiria”? Kwa nini haikuandikwa “dereva Mungu”? Mwanafunzi akilijibu hilo ameelewa sentensi zisizo na kitenzi kuliko akikariri kanuni kumi za kitabu.

Mfano mwingine ni kanga iliyotolewa mwaka 2008 kumpongeza Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Picha yake imesambaa kote, na wengi huiangalia kwa sababu ya uso wa mtu aliye katikati. Sisi tunamwomba mwalimu asome chini ya uso: “Upendo na amani ametujalia Mungu”. Yambwa imetangulia, kiima kimekuja mwisho, na kiambishi “-tu-” katikati ya kitenzi hakirejelei upendo wala amani, kinarejelea sisi tuliojaliwa. Mpangilio huu ni wa kawaida katika Kiswahili cha watu wanaosema kwa uzito, lakini vitabu vyetu vya kidato huupa mistari miwili. Hapa umekaa kwenye nguo, na umechapwa kwa herufi kubwa.

Tunalo la kuongeza kuhusu makumbusho. British Museum ya London ina kanga katika mikusanyo yake, na jina la kanga hutajwa na kutafsiriwa. Kazi hiyo ni bora mara nyingi kuliko ya wauza mito. Hata hivyo, tafsiri inatoa maana ya maneno na kuacha matumizi yake. Kanga inasema bila msemaji. Mwanamke aliyevaa kanga yenye jina kali anapita mbele ya jirani yake. Jirani akilalamika, mvaaji anaweza kujibu kwamba yeye amevaa tu nguo aliyoipenda rangi. Huo ndio ufundi wake mkubwa, nao hauonekani nguo ikitundikwa ukutani. Wake wa Buyenzi wanaujua vizuri sana, wala hawakuusoma popote.

Hapa Bujumbura, hata hivyo, kitenge kina wateja wengi kuliko kanga, na kitenge hakiandikwi jina. Je, hakina maneno? Kinayo, ila yamo mdomoni mwa wauzaji. Huko Afrika Magharibi inajulikana kwamba michoro ya vitenge hupewa majina na wafanyabiashara wanawake. Ule mchoro wa ndege wanaotoka kizimbani huitwa kwa Kifaransa “Si tu sors, je sors”, yaani ukitoka natoka, na mume anayesomewa hayo na mkewe ameelewa. Wauzaji wetu nao hutofautisha vitenge kwa majina, wakichanganya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika pumzi moja. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013 wauzaji walitawanyika katika masoko mengine ya jiji, na majina yakatawanyika pamoja nao. Tunaonyeshana mito ya Ulaya, lakini hatujaona mtu aliyekuja idarani na orodha ya majina ya vitenge vya soko la karibu na nyumbani kwake. Tungeipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye programu. Kiswahili kina historia nzuri hapa, na vijana wetu hawaijui. Kamusi ya mtandaoni ya Kamusi Project ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1990. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu ambayo amri zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata na Windows ya Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2009 Facebook ikapata Kiswahili, na mwaka huohuo Google ikakiingiza katika programu yake ya kutafsiri. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba teknolojia amechelewa kwa miaka 20 na zaidi.

Lakini kubeba ni jambo moja, na kubeba vizuri ni jambo jingine. Tuchukue maneno machache.

Neno tunalolipenda kuliko yote ni “tendua”, linalotumika kwa amri ya kurudisha nyuma kitendo ulichokifanya. Limeundwa kwa kitenzi “tenda” na kiambishi cha kutendua, kilekile tunachokiona katika funga na fungua, ziba na zibua, panga na pangua. Aliyeliunda hakukopa wala hakutafsiri. Aliingia ghalani mwa lugha akatoka na kifaa kilichokuwa kikingoja kazi. Kwa mwanafunzi wetu lina faida ya ziada, kwa sababu Kirundi kina kiambishi kama hicho: gupfuka ni kufunika, gupfukura ni kufunua. Mrundi hahitaji kuelezwa “tendua” mara mbili. Tumeshuhudia darasa zima likiinua vichwa neno hili lilipoandikwa ubaoni, na wanafunzi wakaanza kutaja jozi za Kirundi bila kuombwa. Tungependa waandishi wa mitaala waone jambo hilo.

“Pakia” na “pakua” nazo zimechaguliwa kwa hekima. Hutumika kwa kupeleka faili mtandaoni na kulileta kwenye simu. Anayeishi karibu na bandari ya Bujumbura huwaona wapakizi wakipakia na kupakua mizigo ya meli zitokazo Kigoma, na anayeishi karibu na jiko huona wali ukipakuliwa. Neno limeletwa kutoka bandarini na jikoni, na limekaa. “Bofya” pia: hivi ndivyo mnunuzi afanyavyo embe kwa kidole ili ajue kama limeiva. Kidole juu ya kioo cha simu hufanya karibu vilevile. Tunalipendelea kuliko “bonyeza”, ingawa hatutamkosoa mwanafunzi atakayeandika hilo la pili.

“Nywila” halituridhishi. Linatumika kwa neno la siri la kufungulia akaunti, na mwanafunzi akilitazama hapati mlango wa kuingilia: halimkumbushi neno lolote alilonalo. “Nenosiri” linajieleza lenyewe, na programu nyingi kubwa zimelichagua hilo. Lakini tusijidanganye kwamba uwazi ndio huamua kila mara. “Kishikwambi” nalo si rahisi kulichambua kwa mofimu azijuazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na baadhi ya wenzetu walilidhihaki. Tanzania ilipofanya sensa yake mwaka 2022, makarani walizunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, redio zikalitaja neno kila siku, na dhihaka ikaisha. Neno lilipata kazi ya kufanya. Ndivyo maneno mengi yanavyoshinda, na mhakiki hana budi kulikubali hata kama moyo wake umegoma.

Kuhusu “kompyuta” na “tarakilishi” hatutasema mengi. Tanzania inasema la kwanza, Kenya inayo yote mawili, mitihani yetu inakubali yote mawili, na mjadala huu umekwisha kula karatasi nyingi kuliko unavyostahili.

Liko jambo kubwa zaidi ambalo halijadiliwi, nalo ni hali ya kitenzi. Simu ya Kifaransa humwambia mtumiaji “Enregistrer”, “Annuler”, “Se connecter”: kitenzi jina, kisichomwamuru mtu. Kiingereza hutumia shina tupu la kitenzi, ambalo linaweza kusomeka kama amri au kama jina la kitendo. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na Kiingereza mbele yao, wakachagua amri: “Hifadhi”, “Ghairi”, “Ingia”, “Endelea”. Hebu tulitazame hilo kwa makini. Ninapobofya “Hifadhi”, nani anamwamuru nani? Ni mtumiaji anayeiamuru mashine ihifadhi. Je, “Ingia”? Hapo ni mashine inayomwamuru mtumiaji aingie. Katika skrini moja msemaji amebadilika mara mbili, na hakuna aliyeonywa. Kiswahili kilikuwa na njia ya tatu, ileile ya Kifaransa: “Kuhifadhi”, “Kughairi”, “Kuingia”. Ni ndefu kwa silabi moja tu. Tena, msomaji wetu aliyekulia na simu ya Kifaransa angeizoea siku hiyohiyo. Watafsiri hao hawakuwa na mtu wa Bujumbura, Uvira wala Bukavu mezani pao, mtu ambaye angewakumbusha kwamba Kiswahili kina majirani wengine zaidi ya Kiingereza. Tunayasoma hayo katika kazi yenyewe. Hakuna haja ya kumuuliza aliyeifanya.

Adabu nayo imo humohumo. “Ingia” akiambiwa mtoto si neno. Akiambiwa mzee wa miaka 60 mbele ya kioo cha benki, huwa amezoea “karibu”. Programu chache zimeanza kuandika “Karibu” au “Tafadhali weka namba yako”, na wazee tunaowafahamu wanaona tofauti.

Tulipowauliza wanafunzi wetu wa mwaka wa pili simu zao zimewekwa lugha gani, karibu wote walijibu Kifaransa, wachache Kiingereza. Tuliwauliza sababu. Hawakusema Kiswahili ni kigumu. Walisema Kiswahili cha kwenye simu “ni cha Watanzania”. Muda wa maongezi, ambao Mtanzania anauita vocha au salio, wao wanauita “unité”, Kifaransa kilivyo, hata wakizungumza Kiswahili kuanzia mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Hawa ni watu wanaotumiana pesa kwa Lumicash na EcoCash kila wiki, na Kiswahili cha pesa wanacho. Hakijaandikwa tu.

Tumefika kwenye matembezi, na hapa uhakiki wetu utakuwa mkali kidogo.

Kiswahili cha matangazo ya likizo kina kamusi ya maneno yasiyozidi kumi: jambo, karibu, asante sana, pole pole, safari, simba, rafiki, na lile ambalo kila mgeni analijua kabla hajapanda ndege. Kundi la Them Mushrooms la Kenya lilitoa “Jambo Bwana” mwaka 1982, wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya masikio ya wageni wa hoteli za pwani, na ulifanya kazi yake vizuri mno. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikalichukua “hakuna matata” ikalipeleka duniani kote. Mwaka huohuo Disney iliomba kulisajili kama alama ya biashara kwa ajili ya fulana, na usajili ulikubaliwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika walipolijua hilo walikasirika, na zaidi ya watu 100,000 walitia saini kupinga. Wanasheria walieleza kwamba usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kulitamka neno, unahusu kuuza bidhaa fulani tu. Pengine. Kwetu sisi hasara ilikwisha kutokea kabla ya mwanasheria yeyote kuitwa.

Hasara yenyewe ni hii. Katika matangazo hayo Kiswahili hakina mjibuji. Mtu anasema “jambo”, na hakuna anayejibu. Anasema “karibu”, na hakuna aliyepiga hodi. Lugha ambayo imejengwa juu ya kuitikiana, shikamoo na marahaba, hodi na karibu, habari na nzuri, imegeuzwa kuwa lugha ya upande mmoja, inayomtuliza mgeni na haimuulizi kitu. Hata maswali imenyang’anywa. Hatujawahi kuona tangazo la likizo lenye sentensi ya Kiswahili inayoishia na alama ya kuuliza. Ndiyo maana tunasema vielelezo hivi havifai kufundishia maamkizi. Mwalimu anaweza kuvitumia kufundishia kinachokosekana: awape wanafunzi tangazo, waandike majibu.

Hapo hapo tunapenda kuwaonya walimu wenzetu juu ya kosa la upande wa pili. Vitabu vingi vya kufundishia wageni husema kwamba “jambo” peke yake si salamu ya kweli, ni ya watalii, na Mswahili halisi husema hujambo na sijambo. Kwa Unguja na Tanga, sawa. Lakini vuka mpaka hapo Gatumba uingie Uvira, au nenda hadi Bukavu. Utasikia mtu mzima akimwambia mwenzake “Jambo”, naye akijibiwa “Jambo sana”, wala hakuna mtalii hata mmoja mtaani. Hapa Bujumbura tunaisikia pia. Mwalimu anayemsahihisha mtoto wa Buyenzi kwa kumwambia kwamba salamu ya mama yake ni ya watalii amemfunza uongo, tena uongo unaodhuru. Ni sawa kumfundisha hujambo, na mtihani utamdai hujambo. Lakini “jambo, jambo sana” ni jozi kamili, ina msemaji na mjibuji. Ile ya hoteli haina.

Tuseme wazi kwamba hatutetei kila kitu. Mwanafunzi akiandika “mutoto” badala ya mtoto, au “niko nasoma” badala ya ninasoma, tunamwekea alama nyekundu, na tutaendelea kumwekea, kwa sababu shahada yake itamhitaji afundishe Kiswahili sanifu. Tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili sanifu ni ajira. Lakini pembeni ya alama nyekundu pana nafasi ya kuandika: hivi ndivyo isemwavyo kwenu na hivi ndivyo isemwavyo kitabuni. Wengi wetu hatuitumii nafasi hiyo. Bado tumebeba, pengine bila kujua, ile dhana ya zamani ya mitaa yetu iliyomwona “Mswahili” kuwa mtu wa ujanjaujanja, na lugha yake kuwa lugha ya sokoni isiyo na adabu.

Kurasa za matembezi zinazoihusu Burundi yenyewe ni chache, na karibu zote ni za Kifaransa au Kiingereza. Zinataja ngoma za Gishora, viboko wa Rusizi, maporomoko ya Karera, na piramidi ya Rutovu inayoonyesha chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Zinataja pia jiwe la Mugere, kusini mwa jiji, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Waandishi kadhaa hudai kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. La hasha, walikutana Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi kuja kaskazini kuutazama mto Rusizi. Kosa hilo ni dogo, na hulisahihisha mtu yeyote mwenye kitabu. Tunachokikosa ni jambo ambalo hata wasiokosea hawalitaji: msafara ule ulikwenda kwa Kiswahili. Wapagazi, walinzi na wakalimani wa misafara ya wakati ule walitoka Unguja na Bara, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa hiyo. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye jiwe la Mugere miaka mingi kabla ya Kifaransa kufika nchini. Mwongozo wa watalii unaoandikwa kwa lugha mbili za wageni, ukaiacha ile iliyowaongoza wageni wenyewe, una upungufu unaostahili kuitwa kwa jina lake.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wameanza kuandika maelezo yao wenyewe ya ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kajaga hadi Rumonge na Nyanza-Lac, kwa Kiswahili kitakachomfaa Mrundi, Mkongo na mtu wa Kigoma. Kazi haijafika mbali, lakini mabishano yamekwisha kuwa matamu. Neno la kwanza lililowakwamisha ni lile la Kifaransa, “plage”, ambalo kila mtu mjini hulitumia. Wengine wanataka “ufukwe”. Wengine wanasema ufukwe ni wa bahari yenye chumvi, na kwamba ziwa lina “mwalo”, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanapouzwa. Mwanafunzi mmoja kutoka Rumonge aliwajibu kwamba hakuna anayekwenda mwaloni kuogelea na kunywa soda.

La pili ni samaki. Yule samaki mrefu mwembamba anayechomwa kila jioni kandokando ya ziwa, sisi tunamwita mukeke. Ng’ambo ya Kigoma anaitwa mgebuka. Wale wadogo tunawaita ndagala, wao dagaa. Kuhusu dagaa wote wamekubaliana kuandika majina mawili kwa mstari wa mkwaju. Kuhusu mukeke darasa limegawanyika: upande mmoja unasema kamusi ndiyo iamue, upande wa pili unasema mukeke huuzwa Bujumbura kwa jina lake na mgeni akiagiza mgebuka hotelini ataletewa kitu kingine au hataletewa kitu. Tumewaambia waandike mukeke kwanza, mgebuka baadaye, kisha wapeleke rasimu kwa wavuvi wa Kajaga waisome kwa sauti.